Kioo cha Simu ya Marehemu Philemon

Peckham, London
Jumapili

Kwako Shemeji Blandina,

Pokea salamu zangu za dhati. Natumaini wewe, Mama na watoto hapo Tukuyu hamjambo, na kwamba kifua cha Mama kimepungua kubana. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia. Usishangae nimeandika badala ya kupiga; nikisikia sauti yako nitashindwa kusema. Mwenzangu Godlisten anakuja huko, atakukabidhi bahasha hii mkononi.

Nilikueleza kwamba tulipoanua matanga ya mumeo, kaka Philemon, hapa, wazee waligawa vitu vyake, koti kwa huyu, viatu kwa yule. Mimi fundi simu nikapewa simu yake, iliyokuwa imekufa kwa maji. Hakuna aliyeandika chochote. Nani anadai risiti matangani?

Mwezi huu akaja Emérence, mama Mkongo anayetunza wazee, kioo cha simu yake kimepasuka vibaya. Kibali chake cha kuishi hapa anakionyesha kwa simu hiyo hiyo. Waliotengeneza simu hizo hawauzii vibanda kama changu vipuri halisi. Wenzetu wa Ulaya wametungiwa sheria ya kutusaidia sisi mafundi; hapa bado tunasubiri, na mteja hasubiri. Nikafungua simu ya kaka, nikatoa kioo, nikamfungia. Kikawaka vizuri, kisha yakatokea maandishi kwamba kipuri hiki ni cha mtu mwingine, weka nenosiri lake.

Emérence akaogopa, akaipeleka kwa mawakala wa kampuni. Wakamwambia kioo kimetoka kwenye simu iliyoripotiwa kupotea, wakaizuia, na polisi wakaniita. Maombi yangu ya kibali yako Croydon, kwa watu wa uhamiaji, na mwenye kesi ya mali ya wizi nani atampa kibali? Nikajieleza kwamba simu ni ya marehemu kaka yangu. Askari akaniuliza kwa upole kama namfahamu Anastasia wa Barking, maana simu imeandikishwa kwa jina lake.

Nilimfahamu. Ndiye aliyepika pilau matangani, akaosha masufuria yote, akaondoka bila kuaga. Nikamfuata kwake. Mlango ulifunguliwa na mtoto wa kike mwenye paji la uso la Philemon. Nilimsalimia kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kwamba mama yuko jikoni.

Anastasia alilia sana. Alisema simu aliinunua yeye, akampa kaka. Kaka alipofariki hakuthubutu kutuuliza iko wapi, akaripoti imepotea, akitumaini kuzipata picha za mtoto na baba yake. Sikuwa najua, Shemeji, naapa. Kesho tunakwenda wote polisi, aseme kwamba simu ilinifikia kwa njia ya msiba. Lakini wataandika yeye ni nani kwa Philemon, na mimi nitatakiwa kutia sahihi.

Nitatia. Barua hii ikikufikia, yatakuwa yameshaandikwa. Naogopa polisi, naogopa Croydon, lakini kinachoninyima usingizi ni wewe. Nipigie, hata kama ni kunitukana. Usininyamazie tu.

Wabusu watoto. Msalimie Mama. Habari ya mjukuu wake sijamwambia. Hiyo nimekuachia wewe.

Shemeji yako,
Lusajo