Jiko Lisiloruhusiwa Kupoa

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo hapo? Mgongo wa mama unaendeleaje? Mimi mzima, ila macho yanauma kwa kuchungulia hadubini kutwa.

Nimekutumia kile kibao nilichokuhadithia. Kifunge ubavuni mwa jiko; joto litageuka umeme na kitaa kitawaka. Shida yetu ni pale shaba inaposhikana na vipande vyeusi vya ndani, vinavyogeuza joto kuwa umeme: maungio yanaachia. Kikidumu miezi miwili kwenye jiko la kweli, nimefuzu, narudi nyumbani. Usinifiche kitu.

Binti yako

20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako mgongo umetulia, mdomo ndio bado.

Kitaa kinawaka, hakijapepesa hata kidogo! Nakitunza kama mboni ya jicho. Tangu kifike sijaliacha jiko lipoe, baridi isije ikakidhuru. Mimi na mama yako tunapokezana kuchochea kuni. Analalamika jikoni hakukaliki. Nimemwambia avumilie, mtoto anataka kurudi.

Baba yako

28 Aprili

Baba,

Shikamoo. Jamani, baba! Nilisoma "kitaa kinawaka", nikakimbia kwa mwalimu wangu kumwambia tunakaribia kufaulu, tukapongezana. Niliporudi kumalizia barua nikacheka hadi nikalia, kisha nikalia kweli. Ilibidi niende tena kwake, kichwa chini.

Maungio hayaachii kwenye moto. Yanaachia jiko linapopoa: shaba inanywea sana, kipande cheusi kinanywea kidogo, vinavutana hadi kimoja kinashindwa. Umekilinda kibao na mtihani wenyewe! Liache lipoe, tafadhali.

Binti yako

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, ila wanyonge.

Niliacha moto ufe. Nikiwa nimekaa hapo hapo nikasikia "tak!" Asubuhi nikawasha jiko, kitaa kimya. Pole sana, mama. Nilitaka urudi, basi. Nyumba imekuwa kubwa mno kwa wazee wawili.

Baba yako

2 Julai

Baba yangu,

Shikamoo. Mama hajambo? Usijilaumu hata kidogo. Hiyo "tak" yako imetusaidia: tulipokifungua kibao ulichoturudishia, ufa ulikuwa kwenye ungio moja tu.

Sasa hatubandiki shaba moja kwa moja. Tunapanga unga wa nikeli, metali nyingine, kisha unga wa kile kipande cheusi, tena nikeli, tunavishindilia pamoja kwenye moto hadi vinakuwa kitu kimoja. Shaba inakuja mwisho, na nikeli inakaa kati kama msuluhishi. Nakutumia kipya. Pika, zima, pika, zima. Usikionee huruma.

Binti yako

14 Septemba

Mwanangu,

Marahaba, marahaba! Sisi hatujambo kabisa.

Kila usiku tumelizima jiko. Kila asubuhi mimi hutoka nje nisione, mama yako ndiye anayewasha. Leo miezi miwili imetimia. Nilikuwa nimesimama uani, nikasikia ukelele wake: "We mzee, ingia ndani, kinawaka!"

Nimeingia, nimekiona. Halafu mama yako akaniacha hapo hapo na sufuria jikoni, akaenda kufungua madirisha ya chumba chako.

Baba yako