Maelezo Kuhusu Kipimo cha Mguu wa Kushoto wa Mshale

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa katika jalada, kazini anaitwa Dada Mizani
Umri: miaka 43
Kazi: mpima nguvu za misuli, kituo cha mazoezi na tiba ya viungo
Makazi: nyumba za kupanga nyuma ya kituo hicho, chumba namba nne
Yameandikwa: Ijumaa tarehe 10, saa nne na robo asubuhi

Nimeonywa kwamba nikisema uongo nitashtakiwa. Nimeelewa.

Nina miaka kumi na saba katika kituo hicho. Napima misuli ya wagonjwa, wazee wanaoanguka-anguka, na wanariadha. Naweka mkono juu ya mguu au bega, namwambia mtu asukume, mimi namzuia, kisha natoa alama. Sifuri ni msuli usioshtuka hata kidogo. Tano ni ule ambao siuwezi. Halafu nahakikisha kwa kifaa cha mkononi kinachosoma kilo.

Anayelalamikiwa ni mdogo wangu, tumbo moja. Mama alipofariki yeye alikuwa na miaka tisa, nikamlea. Kazi hii alianza kujifunza kwangu, sakafuni nyumbani, akisukuma kiganja changu kwa goti huku anacheka. Mwezi wa pili mwaka huu alirudi kutoka chuo na cheti. Meneja akampa chumba chenye dirisha kubwa.

Sitasema kwamba halikuniuma. Wateja waliokuwa wakinisubiri saa nzima walianza kuuliza, "Mdogo wako yupo?" Nikiwaambia nipo mimi, walisema watarudi. Walitania kwamba dada mkubwa anapima, mdogo anaponya. Nilicheka nao. Nyumbani nikawa naosha vyombo kwa kishindo mpaka mdogo wangu anauliza nani kamuudhi dada.

Mshale ni mkimbiaji wa mita mia nne, hilo ni jina la uwanjani. Kwa miaka sita alikuwa mteja wangu. Alipoumia goti la kushoto mwaka juzi, nilimpima kila wiki mpaka akarudi kukimbia. Mwezi wa tatu alihamia kwa mdogo wangu bila kuniaga.

Jumatatu tarehe 6, saa moja na dakika kumi asubuhi, nilikuwa nafungua madirisha. Mshale aliingia peke yake. Alisema, "Dada, mguu unanikatikia. Hauumi, ila unanisahau." Nikamlaza kitandani. Mguu wa kulia sikuuweza. Wa kushoto niliushusha mara ya kwanza kwa shida, mara ya pili kwa urahisi, na mara ya tatu paja lilitetemeka hata kabla sijakaza mkono. Kifaa kilisoma kulia kilo 41, kushoto 26.

Nilimwambia asibebe chuma mpaka daktari amwone. Alisema Alhamisi ana kipimo mbele ya kocha, na asipofaulu ataachwa kwenye timu. Akaniomba nisimwambie mdogo wangu. Nikamuuliza, basi kwangu umefuata nini. Akajibu, "Mkono wako haudanganyi."

Maneno hayo yalinifurahisha kupita kiasi. Kanuni ya kituo ni kwamba kila kipimo kiingie kwenye faili la mteja siku ileile, na faili lake lilikuwa chumbani kwa mdogo wangu. Nilijaza kadi. Kadi hiyo niliificha ndani ya droo yangu, chini ya taulo. Nilijiambia namtunzia mteja siri yake. Ukweli ni kwamba nilitaka niwe na kitu kimoja ambacho mdogo wangu hana.

Alhamisi tarehe 9, saa tatu asubuhi, tulikuwa ukumbi wa vyuma: meneja, kocha, Mshale, mdogo wangu na mimi. Mshale alitakiwa kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani, uzito ukiongezwa mpaka afike mwisho wa uwezo wake. Alianza na kilo sitini. Kwenye mia na ishirini aliinuka, lakini mwili ulielemea kulia. Mdogo wangu akasimamisha kipimo.

Kocha alisema, "Mbona unamchelewesha? Mtu yuko sawa."

Mdogo wangu alinigeukia mbele ya watu wote, akasema, "Dada, umeona kitu? Wewe unamjua kuliko mimi."

Tangu arudi chuo hakuwa ameniuliza jambo lolote la kazi. Jibu nilikuwa nalo. Nikamwambia, "Mtaalamu ni wewe."

Aliniangalia kidogo, kisha akaongeza kilo kumi.

Saa tatu na dakika arobaini Mshale alishuka, hakupanda. Nilisikia mlio kama wa kitambaa kinachochanwa. Mdogo wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yake, aliingiza mikono chini ya chuma kisimwangukie shingoni. Kikambana mkono wa kulia kwenye nguzo ya fremu ya kuwekea chuma. Alisema tu, "Mtoeni yeye kwanza."

Saa nane mchana, hospitali, tuliambiwa kano ya goti la Mshale imekatika. Mdogo wangu amevunjika mifupa mitatu ya kiganja. Daktari alimwambia akunje vidole, viwili havikusogea. Mdogo wangu akaniuliza, "Hiyo ni alama gani, Dada?"

Kocha amelalamika kwamba mdogo wangu alizembea. Nimesikia kwamba alipohojiwa kitandani alisema kosa ni lake peke yake, na hakutaja kwamba aliniuliza. Hata hilo lilinichoma, kwamba amenipita mpaka kwenye kubeba lawama. Usiku kucha sikulala. Asubuhi nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Kadi ya Jumatatu nimeikabidhi.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ndiyo hayo. Nimesomewa, nayakubali kuwa yangu.

Sahihi ya shahidi: (ametia)

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika kama alivyoyatoa na kumsomea saa tano na nusu. Kadi moja imepokelewa kama kielelezo. Nilimweleza kwamba kwa maelezo haya huenda asibaki shahidi; akasema anajua. Kabla ya kutia sahihi aliomba neno moja lisahihishwe, pale aliposema mwanzo, "Kadi hiyo niliisahau ndani ya droo yangu." Alitaka liandikwe "niliificha". Nimelisahihisha, naye ametia sahihi pembeni yake.