Maji ya Mfereji wa Kariakoo

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Sisi hapa Mchafukoge tu wazima. Shangazi yako amehamishia duka lake la vitenge Gerezani, na sasa sauti yake inayashinda mabasi ya mwendokasi.

Umeniuliza kama uache kutafuta virusi vinavyoua bakteria wa vidonda sugu, kwa kuwa wenzako wanakucheka unapochota maji machafu.

Nilipokuwa msichana nikijifunza kazi ya maabara, mkubwa wetu alinituma kuchota maji ya mfereji wa Kariakoo. Nilirudi nikinuka. Mwenzangu Rukia akapiga kelele, "Shoga, kaa mbali! Umeoga supu ya samaki?" Niliapa moyoni kwamba nitaiacha kazi ile.

Tuliyachuja maji, tukayatia kwenye sahani iliyoota bakteria wa kuhara. Asubuhi utando wao ulikuwa na matundu maangavu.

"Sahani imeharibika hii," Rukia akaguna.

"Haikuharibika," mkubwa akasema. "Penye tundu, bakteria wamekufa. Wameuawa na virusi vilivyotoka mferejini. Mwindaji hukaa karibu na mawindo yake."

Rukia akanyakua ndoo, akaenda kwenye mfereji uleule. Muuza nyanya akamtania, "Dada, unavua kambale?"

"Navua dawa ya tumbo lako!"

Alirudi akinuka kunishinda, akicheka. Tangu siku ile tuligombania ndoo.

Vaa glavu ndefu, mjukuu wangu, kisha uchote.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye.