Nusu Kilo ya Sweta

Alhamisi, 5 Juni 1975
Ukungu tangu asubuhi, baridi ya kukata masikio. Siku ya kupima watoto, na hakuna mama aliyekubali kumvua mtoto wake sweta. Sweta zenyewe zile nzito za msaada, zote saizi moja. Nikabembeleza — wapi! Nimewapima hivyo hivyo.

Jumatatu, 9 Juni
Leo nimepima sweta peke yake. Nusu kilo! Kumbe kila mtoto kaongezwa nusu kilo, mnene kwa mwembamba. Maziwa ya unga hupewa kijiji ambacho wastani wa uzito uko chini ya kiwango, na wetu sasa umevuka. Ambrosi wa Lusia hajanenepa hata kidogo, mbavu zote nje. Lazima niende mjini.

Jumatano, 11 Juni
Iringa. Ndugu Jailos, bwana takwimu, mpole, kanipa chai. Nimemweleza habari ya sweta. Akanionyesha hesabu: wastani umepanda, lakini mchepuko — yaani watoto wanavyoachana na wastani — ni ule ule wa zamu iliyopita.
"Kosa lingeuvuruga, dada Tusekile. Huu umetulia. Watoto wamekua sawasawa."
Umetulia kwa sababu sweta ni za aina moja! Nilimwambia: ukiwaongezea wote kiasi kile kile wanahama pamoja, wastani nao unahama, na aliyekuwa nyuma anabaki nyuma vile vile. Hata tungemfunga kila mmoja jiwe la kilo tano, mchepuko usingetikisika. Akacheka, akasema ningefaa ualimu.
Niwapime upya? Zamu yetu imepita, mpaka Septemba. Na maziwa yameshapelekwa kijiji kingine, nako wana njaa kweli. Nimnyang'anye nani? Nimelia kwenye basi, watu wananitazama. Sina la kufanya. Sina!

Alhamisi, 12 Juni
Mwenyekiti katangaza mkutanoni: watoto wetu wamenenepa, hongera nesi. Makofi. Nilifungua mdomo nieleze, wakadhani nashukuru, wakazidisha makofi. Nikakaa.
Sasa hivi Lusia kanifuata zahanati, Ambrosi mgongoni, kimya, hata kulia hana nguvu. Lusia hakulalamika. Kanisalimu, kisha kauliza tu, taratibu:
"Kamwene, nesi. Wanasema watoto wamenenepa. Na mimi nifurahi?"
Nimemwambia asubiri kidogo, namalizia kuandika. Bado amekaa kwenye benchi. Nimeandika mpaka hapa, na jibu…