Jokofu la Bomba la Moshi

4 Februari

Kwa binti yangu Fundi,

Hujambo huko? Mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Mama yako mdogo anakusalimu.

Lile jokofu uliloliunga kwenye bomba la moshi la tanuri limegoma. Mikate naoka kama kawaida, bomba lina moto wa kuunguza kidole, lakini ndani hakuna baridi. Maziwa yanachacha. Muuza maziwa anataka ninunue la umeme. Nimemwambia fundi wake yupo, atakuja. Njoo ulitazame.

Babako

19 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini magoti yametulia. Mimi sijambo, ila likizo nimenyimwa tena. Hapa kiwandani joto la jenereta ndilo linalopoza chumba cha dawa, na mwenzangu wa zamu ameacha kazi.

Jokofu umeliinamisha? Nakujua. Kila meza ya pale umeiinua upande mmoja ili maji ya kuoshea yatiririke. Jokofu lile halina pampu. Joto la bomba linachemsha maji yenye amonia. Amonia inapanda kama mvuke, inapoa, inashuka yenyewe kuvuta joto la ndani ya sanduku, kisha inarudi. Likiinama, inakwama njiani. Ulichoweka chini yake kitoe. Weka sinia la maji juu, uone kama yamelala sawa. Liache lipoe siku nzima, nawe upumzike, ndipo uwashe tanuri. Usifungue bomba lolote, amonia inapofua.

Nimekukumbuka, Baba, hata unavyogomba.

Bintiyo

27 Machi

Marahaba, Fundi wangu,

Tuko wazima, na wewe tunakuombea uzima. Niwie radhi kwa kuchelewa. Barua yako ilifika upesi. Tofali nimelitoa juzi.

Ni kweli, nililiweka nipate kuosha sakafu. Nimefuata yote uliyosema, hata la kupumzika, ingawa sikujua nikae wapi. Sasa siagi ni ngumu, kisu kinateleza, na maziwa ya jana hayajachacha. Muuza maziwa alitia mkono ndani akacheka. Akasema, "Huyu binti yako anatengeneza vitu hata akiwa mbali."

Nikamwambia, "Hiyo ndiyo shida yenyewe."

Babako