Mume wa Zakia Ana Chembe Kumi na Moja, Wangu Ana Moja

Shikamoo mshauri, naomba msaada wako kwa sababu wivu umenikaba na sina wa kumwambia hapa Runzewe, kila mtu anadhani mimi ni mama mvumilivu. Mume wangu Masalu anaugua saratani ya utumbo mpana, nayo imeshafika kwenye ini, tunasafiri kwenda hospitali kubwa Mwanza kutundikiwa dripu, na huko ndiko nilikozoeana na Zakia wa Buseresere ambaye mumewe Swaleh anaugua ugonjwa huohuo, tukawa tunagawana chapati na chai ya chupa, tunalindiana mizigo, ananiita dada nami namwita dada. Sasa madaktari wakawaomba wagonjwa damu kwa ajili ya utafiti wa kuhesabu chembe, na siku ya majibu mimi nilikuwa dirisha la dawa, niliporudi Masalu akaniambia ana chembe moja, eti daktari amesema ni vizuri, akatabasamu kama mtoto, nikajua amebembelezwa tu, maana mimi kazi yangu ni kuosha mchanga wa dhahabu, na karai likibakiza chembe moja tunamwaga na kwenda zetu. Nikamuuliza Zakia za kwao zimetoka ngapi, akasema kumi na moja, akainamisha kichwa, nikaona anaficha furaha yake nisiumie.

Mshauri, hiyo kumi na moja haikunitoka kichwani. Tena Swaleh akaongezewa dawa nyingine, na daktari akawa anasimama kwake muda mrefu, lakini kwa Masalu anapita tu akisema endelea hivyohivyo mzee, nikasema moyoni hawa wana duka la vitambaa, wanajua kuongea na wakubwa, sisi wa machimboni hatuna wa kutusemea. Roho iliniuma mpaka nikamwambia Zakia mbele ya watu, "Mkishashiba chembe, dada, mtukumbuke na sisi wa moja." Alikusanya khanga yake akahamia benchi la mbali, na tangu hapo hapokei simu yangu, nami nikasema haya, kumbe ni maringo. Sasa namnywesha Masalu rozela na supu ya matembele asubuhi na jioni ili chembe ziongezeke, na tarehe ya dripu imepita, yeye anasema twende, mimi nimekataa, hatuendi kuaibika tena mpaka zipande. Nifanye nini mume wangu naye apate chembe za kutosha?

Mama Edson, Runzewe

Marahaba, Mama Edson. Piga simu kliniki leo, waambie mmekosa dripu, na mpeleke Masalu siku watakayokutajia. Hilo nalitanguliza kwa sababu haliwezi kusubiri nimalize maelezo.

Sasa kaa unisikilize. Chembe zilizohesabiwa si dhahabu, wala si zile chembechembe za damu ambazo watu huzitafutia rozela. Ni chembe za saratani yenyewe. Uvimbe uliomo tumboni huachia chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, nazo huingia kwenye damu na kuzunguka nayo. Baadhi hutua mahali pengine na kuanza kukua, na ndivyo ugonjwa ulivyofika kwenye ini. Wataalamu huchukua damu kidogo, kama kijiko kimoja na nusu cha chai, wakazitafuta humo. Kwa ugonjwa wa waume zenu, zikiwa chini ya tatu, kwa kawaida mgonjwa ana matumaini ya kuishi muda mrefu zaidi. Zikiwa tatu na kuendelea, mara nyingi ugonjwa ni mkali zaidi.

Masalu ana moja. Alipotabasamu hakuwa amebembelezwa, alikuwa ameambiwa ukweli. Swaleh ana kumi na moja, na ndiyo maana daktari alisimama kwake na dawa ikaongezwa. Sasa soma tena maneno uliyomwambia Zakia mbele ya watu.

Sikulaumu kwa kukosea neno. Kiswahili chetu kina chembe ya dhahabu, kina chembe ya damu, kina na chembe ya saratani, na aliyetoa majibu alipaswa kukusubiri utoke dirisha la dawa. Nakulaumu kwa jingine. Uliposikia kumi na moja hukuuliza ni za nini. Ulitazama tu kwamba za mwenzako ni nyingi, ikakutosha. Mwanamke aliyekula nawe chapati na kukuita dada aliinamisha kichwa, nawe ukaona furaha. Alikuwa anangoja umwambie pole.

Na usiache wivu ukatoka mlango mmoja majivuno yakaingia mlango mwingine. Hesabu hiyo si hukumu. Wapo wenye chembe nyingi dawa ikawakubali zikapungua, na kupungua huko ni dalili njema. Wapo wenye moja waliozidiwa, hasa wanaoacha dripu. Masalu amekuwa akikuambia twende, nawe umemzuia, eti chembe za saratani ziongezeke kwanza. Mwombe radhi mumeo. Safari hii mwingie pamoja kwa daktari, na msipoelewa, mwambieni arudie.

Kwa Zakia usitume ujumbe wa simu. Mtakutana palepale kwenye mabenchi. Nenda ukakae karibu naye, umwambie, "Nisamehe dada, sikujua zile chembe ni za nini. Pole." Uishie hapo. Usimweleze maana ya kumi na moja, anaijua kuliko wewe na mimi, na usimtajie moja ya kwenu. Akinyamaza, nyamaza naye.

Rozela haiongezi wala haipunguzi chembe hizo, ni kinywaji tu, na kama Masalu ataendelea nayo mwulizeni daktari. Lakini uliyokwisha kuichemsha usiimwage. Itie kwenye chupa uende nayo, umpe Zakia anywe yeye mwenyewe. Anayeuguza hukumbuka kumnywesha mgonjwa siku nzima, na hakuna anayemkumbuka yeye.