Fizio Aliyekurudisha Makueni

Kwako Baba, huko Makueni,

Sitaanza kwa kukuuliza kama u mzima. Najua u mzima, na hicho ndicho kisa cha barua hii. Naiandika hadharani kwa sababu Mama Kevo, jirani yangu wa ghorofa ya juu hapa Donholm, alinisimamisha mlangoni wiki hii. Mumewe alianguka mjengoni. Ameruhusiwa kutoka hospitalini na wameambiwa watafute mtu wa fizio amfundishe kutembea upya. "Ndinda, yule wenu mlimtoa wapi? Maana mzae wako alitoka hapa akitembea." Nikamwambia nitamjibu nikitulia. Jibu lenyewe ni refu, na nusu yake ni yako.

Unakumbuka tulivyokuleta kwangu kutoka wodini. Kiharusi kilikuwa kimeushika upande wa kulia, mkono na mguu, na mdomo umeenda kando kidogo. Maisha yako yote umekuwa mchongaji, na mkono wa kushika tezo ulikuwa umelala mapajani, ukiutazama kama wa mtu mwingine. Daktari alisema maneno machache tu: mtafutieni fizio, tena mapema. Hakusema fizio wa namna gani. Sisi tukadhani fizio ni fizio.

Wa kwanza aliletwa na Baba Mdogo. Sifa yake ilikuwa moja: ni wetu, mtu wa kwetu na wa kanisani. Kwetu hiyo huwa inatosha. Alitoka mtaa wa Pipeline na begi lake la mafuta ya kuchua, akaanza kwa maombi marefu, akakukanda kutoka begani hadi vidoleni, wewe ukalala fofofo. Ulimpenda kweli. Nilipomuuliza alisomea wapi, alinijibu kwamba kipaji chake hakikutoka darasani, na Baba Mdogo akanikata jicho. Lakini kila alipoondoka, mkono wako ulinukia vizuri na haukufanya lolote.

Wa pili alitoka mtaa wa Kware, jitu la miraba minne. Huyo hakuomba wala hakupaka mafuta. Aliushika mkono akaukunja, na wewe, ambaye hukulia hata siku tuliyomzika marehemu mama yangu, ukapiga yowe likasikika ploti nzima. Majirani walinipongeza. "Huyo sasa ndiye anajua kazi," walisema, kwa kuwa mtaani kwetu daktari asiyemdunga mgonjwa sindano huonekana hajatibu. Bega lako lilivimba. Uliponiita kando ya kitanda ulisema polepole, "Mama, huyo asirudi." Nikampigia simu asirudi.

Wasiotujua watashangaa kusikia unaniita Mama. Mimi nina jina la mama yako, ilivyo desturi yetu Ukambani, na tangu nizaliwe hukuwahi kuniita Ndinda, hata ukiwa umekasirika. Ulikuwa ukirudi jioni kutoka kuchonga, vumbi la mbao limejaa nywele, unaniuliza, "Mama, mwanao atakula nini leo?" Nami nakupakulia mchanga kwenye kifuniko cha sufuria. Unajifanya unatafuna, unashukuru, unaongezwa. Baada ya kiharusi mchezo ule ukawa kazi yangu. Nilikulisha, nikakuvika shati, nikakufunga vifungo, na watu wakasema una bahati ya kuzaa binti kama mimi. Nilikuwa nikitoka ofisini mbio kuja kwako. Nisiseme uongo, nilipenda.

Wa tatu, Awino, nilielekezwa na mwenzangu wa kazini. Baba Mdogo aliguna: si wa kwetu, si wa kanisa letu, tena msichana. Awino alinionyesha leseni yake kabla sijaiuliza. Akasoma karatasi za hospitali zote, akiuliza dawa hii ni ya nini, presha ilikuwa ngapi asubuhi. Kisha akaomba kuona choo, kitanda, kiti unachokalia na ngazi. Nikajiambia, huyu amekuja kukagua nyumba ama kutibu mtu?

Baadaye akavuta stuli akaketi mbele yako, si mbele yangu. "Mzee, unataka mkono huu ufanye nini kwanza?"

"Anataka kuchonga," nikasema.

"Nimemuuliza yeye, dada."

Uliutazama mkono, Awino akingoja. Halafu ukasema, "Kufunga suruali. Nisifungwe na huyu." Niliingia jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi. Iliniuma, na sikutaka mtu anione.

Siku ya pili alitukuta mezani, kijiko kiko mkononi mwangu, wewe umefungua mdomo. Akakichukua akakiweka karibu na mkono wako wa kulia, akaniambia niketi. "Mikono ikikuwasha, ikalie." Uliutuma ule mkono, ukafika njiani ukalegea. Uliutuma tena. Mchuzi ukamwagikia shati, nikainuka, ukanitazama kwa lile jicho lako la mtu anayeharibiwa kazi. "Mama, niache."

Awino akauliza mbona unaniita Mama, nikamweleza mambo ya jina. Akatikisa kichwa. "Basi ndiyo maana. Na mama mwenyewe yuko hapa saa zote, huyu atainua kijiko akitafuta nini?" Ulicheka, Baba. Lilikuwa cheko la upande mmoja, lakini ni wewe uliyecheka, na sikuwa nimelisikia tangu hospitalini. Mimi sikucheka nanyi.

Kuanzia hapo hakuleta mashine wala mafuta. Alikutafutia msasa na kijiko cha mbao ambacho hakijamalizwa, ukakishika kwa kushoto na kukisugua kwa kulia, jinsi ulivyozoea, hadi kidole gumba kikakumbuka kazi. Alikupandisha na kukushusha ngazi huku akipiga gumzo na akina mama wanaoanika nguo. Ukisema bega linauma, alisimama akauliza linauma vipi. Wakati mwingine alibadilisha zoezi, wakati mwingine alikwambia hilo ni uchovu tu, endelea. Akatufundisha la kufanya akiwa hayupo, halafu akaanza kutokuwepo. Nilimlalamikia kwamba anakuja mara chache. Akasema, "Nikija kila siku atanifanyia mimi mazoezi. Nataka ajifanyie."

Suruali ulifunga asubuhi moja nikiwa napiga pasi. Ulipita mbele yangu ukiwa umenyooka, mkanda umekazwa, ukaenda kujimiminia chai.

Kisha ukasema unarudi nyumbani. Nilidhani ni maneno. Ulipoyarudia mbele ya Baba Mdogo nilijua hufanyi mzaha, nikamtoa Awino nje, nikamsihi akwambie bado, kwamba mwili haujawa tayari, ukae mwaka mwingine. Alikuwa na kila sababu ya kukubali, kwani na yeye angeendelea kuwa na mgonjwa. Akarudi ndani. Akakutazama ukiwasha jiko, ukibeba maji kwenye ndoo ndogo, ukiinuka kutoka chini bila kushikwa. Akauliza nyumbani kuna nani karibu, dawa utazipata wapi, choo kikoje. Akakwambia maji ya kujaza ndoo kubwa usibebe, na presha upimwe kila mwezi bila kukosa. Halafu akaja kwangu. "Dada, mzee anaweza kwenda. Kumzuia ni kazi nyingine, na hiyo mimi siifanyi."

Kwaheri nilimpa kwa kichwa tu.

Ulipokwenda nilibaki na kiti chako dirishani na nyumba iliyo kubwa kuliko haja yangu. Natoka ofisini sina haraka. Nilitaka upone, Baba, nikasumbuka ili upone. Ila nilitaka uponee hapa kwangu, na ukishapona ubaki.

Mama Kevo nitamwambia hivi. Asichukue mtu kwa kuwa ni wa kwao, wala kwa kuwa mgonjwa analia, wala kwa kuwa mgonjwa analala. Aangalie leseni. Aangalie kama anamuuliza mumewe anachotaka, na kama anangoja jibu. Amchukue yule anayefanya mambo yapungue, ujio wake upungue na mikono ya watu ipungue. Nitamwambia na lile ambalo mimi sikuambiwa, kwamba akimpata aliye mzuri kabisa, atamrudishia mume anayeweza kwenda anakotaka.

Jana nilikupigia. Simu iliita sana, nikaanza kuogopa. Ulipoishika ulikuwa unahema, na nyuma yako nilisikia gogo likiviringika. "Mama, nimeibana simu begani," ukasema. "Ngoja nitakupigia, sasa hivi mikono yote miwili ina kazi." Ukakata.

Hujapiga hadi leo. Usiache kazi kwa ajili hiyo.

Ni mimi mwanao,
Ndinda